Ni skranchi, na hakuna kitu mtanifanya

Leo naongea kuhusu skranchi. Ndiyo, hiyo ya nywele, lastiki iliyovalishwa kitambaa, ile uko nayo kwa mkono sahii kama haiko kichwani. Usiskroli bado. Najua mmezoea nikiongea kuhusu rent, mapenzi na makanga wa matatu, lakini hii kitu nimeikalia wiki tatu na nisipoitoa itanikula.

Naandika s-k-r-a-n-c-h-i. Si makosa ya simu. Naandika hivyo makusudi, na kufikia mwisho wa hii posti nataka uwe umeelewa kwa nini na wewe unaweza kuandika hivyo, na kwa nini unafaa uache kumcheka mtu anayelitamka hilo neno tofauti na wewe. Naanza na mimi, kwa sababu kwa laini ya wenye makosa mimi ndiye niko mbele.

Stori iko hivi. Mathe wangu ni fundi wa nguo. Ako na kibanda Githurai, cherehani ya kukanyaga, na gunia la vipande ambalo limekuwa hapo tangu nikiwa mtoto. Anashona sare za shule, madera, magauni ya wasimamizi wa harusi, na anapunguza suruali za mitumba za watu walionunua saizi ya ndoto zao. Vile vipande vinavyobaki alikuwa anajazia mito. Mwaka jana nikamwonyesha kwa simu vile watu wanashona skranchi. Hakuitazama hiyo video mpaka mwisho. Aliniambia, "Hiyo nimeona," akachukua mkasi.

Kama hujawahi kuona ikishonwa, ni hivi. Unakata kitambaa kirefu, kama sentimita 50 kwa 10. Unakikunja kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani, unapiga mshono. Unakigeuza kiwe kama mrija. Unakata lastiki ya kama sentimita 20, unaiingiza huko ndani ukiivuta na pini, unafunga fundo, halafu unaziba mdomo na mshono wa mwisho. Kitambaa kiko mara mbili na zaidi ya urefu wa lastiki, ndiyo maana kinajikunja kikafura vile kinafura. Mathe anamaliza moja kabla chai ipoe. Kitenge, satini, hata kipande cha sare ya shule. Hakuna kitu kinatupwa.

Sasa mimi kama mtu wa kutengeneza video nikasema hapa kuna kazi. Nikaweka simu kwa mtungi, nikamwambia akaribishe wateja. Akaniuliza, "Nasema hizi zinaitwa aje?" Nikamwambia. Akajaribu kidogo peke yake, akajipanguza nyuzi kwa sketi, akaangalia kamera akasema, "Karibuni wateja wetu, hapa tuko na sikirachi za kila rangi."

Nikacheka. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikacheka tena mpaka simu ikaanguka. Na yeye akacheka, kwa sababu mtoto wake alikuwa anacheka na alifikiri tunacheka pamoja.

Nikaposti usiku. Kuamka asubuhi, simu ilikuwa imejaa. Hiyo video ilitazamwa na watu wengi kuliko kila kitu kingine nilichoposti mwaka huo mzima. Kuna mtu alichukua sauti ya mathe akaifanya biti. Watu wakaanza kuandika "sikirachi" kwa kila posti yangu. Nilikuwa na raha sana, siwezi kudanganya. Hata nilipata kazi mbili ndogo za kutangaza vitu juu ya hiyo video.

Halafu ikafika mtaani. Machali wa boda wakawa wanapita kwa kibanda wakipiga kelele, "Mama Sikirachi!" Kwa chama, mama mmoja akamwonyesha kwa simu yake akidhani anamfurahisha. Jioni mathe akarudi nyumbani, akaweka mfuko chini, akaniuliza kitu kimoja tu. "Kwani mimi nilisema aje?"

Nikamwambia si kitu, watu wamempenda. Hakujibu. Siku chache baadaye nikiwa pale kibandani, msichana wa shule akaja akauliza, "Mama, uko na scrunchie nyekundu?" Mathe akanyoosha kidole. "Hizo vitu ziko hapo. Chagua."

Hizo vitu. Mtu aliyezishona kwa mikono yake, ambaye anajua kila kipande kilitoka kwa gauni la nani, ameogopa kuzitaja mbele ya mtoto wa darasa la nane. Na ni mimi nilimfanyia hivyo, nikalipwa.

Nimefuta hiyo video. Lakini kufuta hakutoshi, kwa sababu shida haikuwa video. Shida ni kitu sisi wote tuko nacho kichwani, na ndiyo maana hii posti si ya kuomba msamaha. Msamaha niliomba nyumbani. Hii ni ya kuwaambia kwamba tumedanganywa kuhusu maneno, na huo uwongo una bei.

Wacha nianze na bei ndiyo tuelewane haraka.

Kuna dada huja kwa mathe kununua kwa jumla. Anachukua dazeni mbili, tatu, kwa bob 30 kila moja. Mteja mzuri, analipa saa hiyo hiyo, sina ubaya na yeye. Siku moja naskroli Instagram napatana na skranchi yetu. Naijua kwa sababu ni kitenge cha ndege wa manjano, na hicho kitenge kilibaki kwa magauni ya harusi moja iliyomkesheza mathe siku nne. Iko kwa picha safi, imewekwa juu ya marumaru, na chini imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni scrunchie ya mkono, laini kwa nywele zako. Bob 250.

Najua mtasema amelipia picha, mfuko mzuri na mtu wa boda. Kweli kabisa. Biashara ni biashara, na mimi mwenyewe naishi kwa kupiga picha vitu vya watu. Lakini nimekaa hapo kibandani, na najua wateja wanamwambia mathe nini. "Mama punguza, si hii ni bendi tu." "Bendi ya nywele bob 50? Aii, mama." Hakuna mtu aliwahi kumwambia yule dada wa Instagram kwamba hiyo ni bendi tu. Kitambaa ni kile kile, lastiki ni ile ile, hata fundo la ndani ni la mathe. Ikiitwa bendi, unaomba ipunguzwe mpaka ifike mbao. Ikiitwa scrunchie kwa mdomo uliosoma, unalipa soo mbili na nusu na unasema asante. Mathe alipojaribu kuchukua hilo jina lenye pesa, tulimcheka mpaka akaliachilia. Sasa niambie hiyo ni utani tu.

Tuje kwa neno lenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba hili neno liko na mwenyewe na mwenyewe analijua kuliko sisi. Nikaenda kumtafuta.

Mwenyewe anaitwa Rommy Revson. Alikuwa Mmarekani, mwimbaji wa vilabu vya usiku. Miaka ya 1980 nywele zake zilikuwa zimeharibika, na vifungio vya wakati huo vya plastiki na chuma vilikuwa vinazidi kuzikata. Akaangalia kiuno cha suruali yake ya kulala, ile lastiki iliyo ndani ya kitambaa, akapata wazo. Akatafuta cherehani iliyotumika, akashona ya kwanza mwenyewe. Hati ya kulinda ubunifu wake ilitoka 1987. Alifariki 2022. Namheshimu huyo mama, kwa sababu kusema ukweli hiyo ni stori ya mathe yeyote wa Githurai: nywele zinasumbua, pesa hakuna, cherehani iko.

Sasa sikiza. Unajua yeye mwenyewe alikiita nini hicho kitu? Alikiita Scunci. Hilo lilikuwa jina la mbwa wake. Si scrunchie. Neno scrunchie ni lile lililoshika kwa midomo ya watu, kutoka kwa neno lao scrunch, yaani kukunjakunja kitu mpaka kijikunyate. Kwa hivyo hilo neno tunalolindana nalo kama cheti cha kuzaliwa, hata wenyewe hawakulitamka vile mwenyewe alisema. Walisikia, wakaona hapa midomo yetu itapita hivi, wakapita. Hakuna mtu aliwachukua video.

Na usidhani dunia nzima inasema scrunchie. Uingereza kwenyewe, nyumbani kwa hicho Kiingereza tunachovaa kama suti, sehemu nyingi kifungio cha nywele wanakiita bobble. Wafaransa hawakujisumbua kabisa, wanasema chouchou, neno wanalomwitia mtu wanayempenda, kama sisi vile tunasema kipenzi. Wajapani wakalichukua hilo la Wafaransa wakaliweka kwa mdomo wao likawa shushu, na dem wa Tokyo anaingia dukani anaitisha shushu bila kuangalia nyuma kama kuna Mfaransa anacheka. Poland wanaiita frotka, kwa sababu ya kitambaa kama cha taulo. Ujerumani wanasema Haargummi kwa vifungio vyote, yaani mpira wa nywele, wakamaliza hapo. Brazil wanaiita xuxinha, kutoka kwa jina la Xuxa, mtangazaji wa vipindi vya watoto ambaye nchi nzima ilikuwa inamtazama kwa TV.

Mbwa, kipenzi, taulo, mtangazaji wa TV. Kila mtu ameiita vile alitaka, kwa mdomo aliopewa na nyanyake. Ni sisi tu tumekaa hapa na rula.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa ndipo mtaona mathe hakukosea kitu.

Angalia nguo uliyovaa. Shati. Sketi. Soksi. Sweta. Blauzi. Gauni. Hayo yote yalikuja na Waingereza, na hakuna hata moja tunalitamka vile walisema. Suruali ilitoka upande wa Waarabu. Leso ya nyanya yako ni neno la Wareno, kama vile meza na bendera. Shule ni ya Wajerumani. Hakuna mtu amewahi kukucheka kwa kusema sketi. Hakuna mwalimu amewahi kukuambia sema "skirt" vizuri wewe mshamba. Sketi ilikuja, tukaiosha, tukaivaa, ikawa yetu.

Na angalia vile inafanyika. Kiswahili kikikutana na konsonanti zimebanana, mara nyingi kinaweka vokali katikati ndiyo mdomo upumue. Club ikawa kilabu. Blue ikawa buluu. Brush ikawa burashi. Burashi iko kwa kamusi, na ni ya nywele pia! Sasa chukua scrunchie, umpe mtu ambaye lugha yake inafanya kazi hivyo, uone atatoa nini. Si-ki-ra-chi. Mathe alifanya kazi ile ile iliyotupatia kilabu, buluu na burashi, kwa sekunde moja, bila kamati, bila semina ya hoteli, akijipanguza nyuzi kwa sketi. Angeizaliwa miaka 80 mapema, neno lake lingekuwa kwa kamusi na mimi ningelifanyia mtihani.

Kama unataka fupi zaidi, pia iko. Tayari tunasema skrubu ya kufunga mbao, tunasema skrini ya simu. Hizo s-k-r tatu hazituumi meno. Kwa hivyo skranchi inaingia bila kubisha. Skranchi moja, skranchi mbili, kaskranchi kadogo ka mtoto. Iko sawa. Sikirachi pia iko sawa. Chagua yako.

Sasa swali ni hili. Kama iko sawa, kwa nini tulicheka? Mbona mtu akisema shati hatucheki, na mathe akisema sikirachi tunaanguka?

Nafikiri tunajua. Kuna watu wanasoma hii ambao shule ya msingi walivaa disc. Wewe ukipatikana ukiongea lugha ya nyumbani, au Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, unaning'inizwa hicho kitu shingoni mpaka umpate mwenzako akikosea umpatie. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu hayo kwa kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, vile watoto wa wakati wake walipigwa na kuvishwa kibao cha kuwaambia ni wajinga. Wakati wake ni miaka ya 1950. Mimi nimezaliwa miaka ya 2000 na hicho kibao nilikivaa. Na unajua kitu kibaya zaidi kuhusu disc? Haikuwa kuivaa. Ni kwamba njia pekee ya kuivua ilikuwa umsikize rafiki yako kwa makini, ungoje ateleze, umshike. Tulifundishwa kusikizana hivyo. Hatusikizi mtu anasema nini, tunangoja kuteleza.

Tumemaliza shule, lakini hiyo tabia tumekuja nayo. Sasa hatuiiti disc, tunaiita kushrub. "Ameshrub!" Mtu anaeleza vile nyumba yake ilibomolewa, wewe unasikia tu r na l zimebadilishana. Kiongozi anadanganya kuhusu pesa ya umma kwa Kiingereza kizuri, tunasema huyo ameenda shule. Mama anasema ukweli na sikirachi, tunatengeneza biti.

Na kwangu kulikuwa na kitu kingine, wacha niseme tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sina karatasi. Kila mara nikiongea kitu kwa hizi video, kuna mtu ataniuliza ulisomea wapi. Kitu pekee nilitoka nacho huko ni hii Kiingereza ya pua, na nimekuwa nikiitumia kama ile karatasi sikupata. Kumcheka mathe mbele ya watu kulikuwa njia ya kuwaambia nyinyi, "Angalieni, mimi si kama huyu." Yaani huyu aliyeshona usiku nikalipiwa ile miaka miwili. Ukijichunguza na wewe, ile mara ya mwisho ulimrekebisha mtu mzima kutamka kitu mbele ya watu, ulikuwa unamsaidia, ama ulikuwa unajitambulisha?

Najua majibu mko nayo. Wacha niyachukue moja moja.

La kwanza, "Ni jokes tu, Wakenya hatuwezi kucheka siku hizi?" Cheka bana. Mathe mwenyewe ni mtu wa kucheka, ana maneno ya kumwangusha mtu. Lakini utani ni kitu cha watu wawili. Kama mmoja anacheka na mwingine anaulizia baadaye kwamba kwani nilisema aje, huo haukuwa utani. Alikuwa ameachwa nje ya chumba.

La pili, "Kiingereza ndiyo kinaleta kazi." Sawa, na mimi sisemi usijifunze. Jifunze Kiingereza, jifunze Kifaransa, jifunze Kichina. Lakini kujua lugha ni kitu kimoja, na kutumia lugha kumfunga mwingine mdomo ni kingine. Na tena, kazi gani imeletwa na kujua kutamka scrunchie? Mwenye anatamka vizuri ananunua bob 30 anauza 250. Mwenye anashona hatamki. Hiyo si kazi imeletwa na Kiingereza, hiyo ni faida imehamishwa.

La tatu linatoka upande ule mwingine, kwa wale wa lugha sanifu. Nilipoandika "skranchi" kwa stori zangu wiki iliyopita, kuna mmoja aliniambia hilo si neno, nafaa niseme kifungio cha nywele. Mwingine akasema kibanio. Kaka, kibanio kinabana, ni kile cha meno meno. Hii haibani, inazunguka. Kifungio ni sawa, lakini ni jina la familia nzima: raba ni kifungio, kamba ni kifungio, hata ule uzi wa kusukia ukikosa kingine ni kifungio. Mtu akitaka ile ya kitambaa iliyojikunjakunja, atasema nini? Na tafadhali, tusitoke kwa rula ya Kiingereza tuingie kwa rula ya Kiswahili. Watoto wengi wa Nairobi walichukia Kiswahili kwa sababu kila mara walikifungua mdomo kuna mtu alikuwa pale na kalamu nyekundu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha ya taifa maana yake mathe wangu ni mmoja wa wenyewe. Mwenye nyumba haombi ruhusa ya kuweka kiti.

Kwa hivyo naomba nini? Vitu vitatu, na hakuna kinachohitaji pesa.

Cha kwanza, andika hayo maneno. Kama unauza skranchi, andika skranchi kwa bango lako na kwa ukurasa wako. Usingoje kamusi. Kamusi haitungi maneno, inakuja nyuma kuokota yale watu walishaanza kutumia. Neno likiandikwa kwa bango mia moja za Gikomba, Toi na Eastleigh, limeingia.

Cha pili, acha kulipia matamshi. Ukienda kwa mama wa kibanda na uko tayari kulipa bob 250 kwa mtandao, usimwombe yeye apunguze ya 50. Kitu ni kile kile. Na kama wewe ndiye unanunua kwake ukauze, sawa, pata faida yako, lakini mwambie unauza ngapi. Mathe hakujua. Nilipomwonyesha ile picha ya marumaru alinyamaza sana, halafu akasema, "Kumbe."

Cha tatu ni kigumu kuliko vyote. Mtu akitamka neno kwa njia yake, na umemwelewa, endelea na stori. Umeelewa, si ndiyo? Basi lugha imeshafanya kazi yake. Usirudie neno lake. Usiangalie mwenzako kwa jicho la pembeni. Usitoe simu.

Jumamosi nilienda kibandani na kipande cha kadibodi na kalamu nene. Nikaandika SKRANCHI BOB 50 kwa herufi kubwa, nikaining'iniza kwa msumari pale mbele. Mathe akatoka nje kuangalia, akasoma polepole.

"Hivyo ndivyo inaandikwa?"

"Ndiyo hivyo, mathe."

Akasoma tena kwa sauti, kwa njia yake, na vokali zake zote. Mimi nikanyamaza. Akaangalia bango kidogo, akarudi kukaa kwa cherehani.

"Basi toa hiyo 50," akaniambia. "Weka 80."